Kalenda ya Shirika

Ilikuja kwa posta, ndani ya bomba la karatasi ngumu,
muhuri wa Moshi umegongwa kombo.
Miezi kumi na miwili, kila mwezi na meli yake.
Mama akaipigilia msumari juu ya redio,
pale ilipokaa picha ya kipaimara ya Eliamini.

Nilizihesabu mimi, karani wa ghala la kahawa,
maana kuhesabu ndiyo kazi inayonilisha.
Januari na Julai ni meli ile ile:
huku kapigwa ubavu wa kushoto, huku wa kulia.
Aprili ndiyo Oktoba, ila jua limehamishwa.
Taifa lina pwani ndefu na miezi kumi na miwili;
meli, lina nne.
Sikumwambia Mama.

Eliamini ni fundi wa mashine, wa tatu kwa cheo,
kwenye meli waliyoibatiza Mawenzi.
Mtoto wa Kidia, aliyejifunza kuogelea
katika mfereji wa kunyweshea migomba,
maji ya magoti.
Mkataba wake uliisha Machi.
Machi hiyo hiyo bandari za dunia zikajifunga barakoa.

"Hatushuki," alisema, simu ikimkatakata.
"Tunapimwa joto asubuhi, tunapimwa joto jioni,
kama maziwa ya kugandisha.
Wa kutupokea zamu wamefungiwa hotelini.
Mpishi amesahau siku, anapika wali wa Jumapili
kila siku."

Mei, Shirika likatoa taarifa:
hali ya meli zetu ni ya kuridhisha.
Ya kuridhisha ni hivi.
Mawenzi imetia nanga nje ya bandari ya watu, tumbo tupu.
Ya pili imeshikwa kwa deni la mafuta.
Ya tatu imeenda kukatwa vyuma.
Ya nne iko safarini, na taarifa haikusema wapi.
Mama anaamini ndiyo ile ya Aprili,
ile yenye jua zuri.

Mibuni ya Eliamini haikusikia habari za gonjwa.
Agosti ikaiva, nyekundu, bila aibu.
Tukaichuma, tukaimenya, tukaianika,
nami nikaipokea ghalani kwa mkono wangu:
magunia kumi na moja.
Kwenye safu ya maelezo nikaandika: inasubiri meli.
Usiku ule akapiga. Nikamuuliza, mnafanya nini huko?
"Tunasubiri mzigo."
Nilicheka peke yangu kati ya magunia
mpaka mlinzi Ndetaulwa akaja na tochi,
akanimulika machoni, akaondoka bila kuuliza.

Asubuhi mawingu yakafunguka, Mawenzi huyo,
wa kwetu, wa mawe, meno yamevunjika,
hajawahi kudaiwa ada ya nanga.
Mlima una haki ya kukaa mahali pamoja.
Meli haina.

Akarudi Novemba, usiku, na begi moja
na karatasi ya madai: mishahara ya miezi minane,
muhuri tayari, fedha bado.
Akasimama mlangoni kapanua miguu
kama anayengoja sakafu iiname.
Mama akampa kiwiko, kama redio ilivyoagiza,
kisha akakisahau kiwiko, akamkamata mzima mzima.

Akala mtori huku anatazama ukuta.
Kijiko kikasimama.
Akainuka, akafunua Desemba kabla ya siku zake.
"Hii siyo yetu," akasema.
"Tazama dohani. Wamepaka rangi zetu juu ya picha,
chini yake nembo ya watu wengine inaonekana."

Mama akatafuta miwani, akaivaa.
Akaitazama meli ile muda mrefu,
kama anayetazama mchumba wa binti yake.
"Lakini ni nzuri," akasema.
Akairudisha Novemba mahali pake,
akamwongezea mtori.